Jicho, mkojo na goti: wagonjwa watatu au mmoja?

Swali

Daktari, shikamoo. Nina miaka 31, nimeoa. Wiki sita zilizopita niliharisha siku nne, nikapona bila dawa. Kama wiki mbili baadaye macho yote mawili yalikuwa mekundu na yakitoa matongotongo. Nikapewa matone ya antibiotiki. Siku chache tu nikaanza kusikia moto nikikojoa. Mkojo ukapimwa na kuoteshwa, nikaambiwa hakuna bakteria. Sasa goti la kulia limevimba hata siwezi kulikunja, na kisigino cha kushoto kinachoma kila nikiamka. Daktari wa macho anasema ni mzio, wa njia ya mkojo anasema nisubiri, wa mifupa anadhani niliumia mchezoni. Kipimo cha HLA-B27 nilichojilipia kimetoka chanya. Nimesoma mtandaoni kwamba huu ni ugonjwa wa zinaa na kwamba utafiti umethibitisha unatibiwa kwa antibiotiki miezi sita. Mke wangu naye amesoma, na nyumbani hakukaliki. Halafu tangu juzi jicho la kushoto linauma nikitazama mwanga. Niamini nini, nifanye nini?

Jibu

Marahaba, mdogo wangu. Nitaanza na jambo uliloliandika mwishoni kana kwamba ni la kujazia barua. Jicho la kushoto linauma ukitazama mwanga. Hilo ni la leo, si la kesho. Nenda kwa mtaalamu wa macho mwenye ile darubini ya mwale mwembamba unayowekea kidevu, umwambie kwa maneno haya haya: yalianza kuwa mekundu macho yote mawili, yakatulia, sasa limebaki moja na linaumwa na mwanga.

Nasema hivyo kwa sababu macho mekundu ya mwanzo na jicho linalouma sasa huenda si kitu kimoja. Ngozi nyembamba inayofunika weupe wa jicho ikivimba, wekundu hutapakaa, matongotongo hutoka, jicho linawasha au linahisi kama lina mchanga, lakini kuona hakubadiliki. Hali hiyo kwa kawaida hupita yenyewe. Uvimbe ukiwa ndani ya jicho, kwenye ile sehemu yenye rangi inayozunguka mboni, mambo ni mengine: maumivu ya kina, mwanga unachoma, kuona kunakuwa na ukungu, na wekundu hujikusanya kama pete kuzunguka duara la rangi. Chembe nyeupe za damu huelea kwenye maji ya mbele ya jicho, na daktari huziona kwenye mwale ule kama vumbi kwenye mwanga wa dirishani. Zikiachwa, mboni inaweza kugandamana na lenzi iliyo nyuma yake, maji yakakosa njia, presha ya jicho ikapanda. Kuona kunaweza kupotea hapo.

Tiba yake ni matone ya steroidi, dawa kali ya kuzima uvimbe, pamoja na matone ya kupanua mboni ili isigande. Lakini usiyanunue mwenyewe, hata kama muuza dawa anakufahamu na ana nia njema. Jicho jekundu linaloumwa na mwanga laweza pia kuwa na virusi vya malengelenge kwenye konea, yaani kioo cha mbele cha jicho, na steroidi humwagia virusi hivyo petroli. Dawa ile ile inayookoa jicho la kwanza huharibu la pili, na kwa macho matupu hakuna anayeweza kuyatofautisha. Ndiyo maana nasisitiza darubini.

Sasa turudi kwenye barua nzima.

Umeonwa na wataalamu watatu na kila mmoja ametazama sehemu yake. Siwalaumu sana. Goti likiletwa peke yake hufanana na jeraha, jicho likiletwa peke yake hufanana na mzio. Wewe ndiye uliyeziweka dalili zote kwenye karatasi moja, na zaidi ya hapo ukaziweka kwa mfuatano wa siku. Kwa ugonjwa ninaoushuku, mfuatano huo una thamani kuliko kipimo chochote ulicholipia. Tunauita athraitisi ya mwitikio: maambukizi huanzia mahali pengine mwilini, ama kwenye utumbo ama kwenye njia ya mkojo na uzazi, kisha baada ya wiki moja hadi nne kinga ya mwili inaanza kushambulia viungo, macho na mrija wa mkojo. Aliyekuletea balaa mara nyingi ameshaondoka mlango wa mbele wakati balaa lenyewe linaanza.

Kisigino chako kinanipa uhakika zaidi kuliko goti. Ugonjwa huu hupenda mahali mshipa wa msuli, yaani kano, unapojishika kwenye mfupa, na kisigino ndipo hasa. Jeraha la goti la mchezoni haliwashi kisigino cha mguu wa pili. Jikague na sehemu nyingine: kidole cha mguu kilichovimba chote kama soseji, vidonda vya mdomoni visivyouma, vidonda vya duara visivyouma kwenye kichwa cha uume, ngozi ya nyayo kuwa ngumu na kutoa magamba. Wanaume wengi hawavitaji kwa sababu haviumi au kwa haya. Mwambie daktari, na vua soksi hata asipokuomba.

Ukipenda kujua kwa nini nasema tuhuma na si hukumu, ni kwamba hakuna kipimo kimoja kinachothibitisha ugonjwa huu. Mwaka 1981 madaktari wa viungo wa Marekani walipendekeza kigezo kifupi mno: viungo vya mikono au miguu kuvimba kwa zaidi ya mwezi mmoja, pamoja na uvimbe wa mrija wa mkojo au wa shingo ya kizazi. Kilifaa kuwapanga watu kwenye tafiti. Kwa mgonjwa aliye mbele yako leo, mwezi mmoja ni mrefu mno kusubiri. Na wale wanaosubiri dalili zote tatu, za jicho, mkojo na kiungo, zikamilike hukosea kwa upande wa pili, kwa sababu wagonjwa wengi hawapati zote tatu. Wewe umezipata zote, na bado kila moja ilienda chumba chake.

Hilo la HLA-B27 nalo lisikubebe. Ni alama ya kurithi iliyo juu ya chembe za mwili. Mwaka 1973 watafiti wa London waligundua kwamba takriban robo tatu ya wagonjwa wao wa aina hii walikuwa nayo, na tangu hapo ikapata sifa ya kuwa kipimo cha ugonjwa. Sivyo. Katika watu wenye asili ya Ulaya karibu 8 kati ya 100 wanayo na wengi wao hawataugua kamwe. Kwa watu wa Afrika kusini ya Sahara ni adimu sana, na athraitisi ya mwitikio huwapata vilevile. Inachosema kwako ni kwamba ugonjwa ukija, una uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa mkali, kukawia na kugusa macho na mgongo. Haisemi kwamba umekuja. Fedha hiyo ningeitumia kwenye sindano ya goti.

Maana goti hilo lazima litolewe maji kabla ya mtu yeyote kukuandikia chochote cha kudumu. Kiungo kimoja kikubwa kilichovimba ni usaha mpaka ithibitike vinginevyo. Bakteria wakiwa ndani ya goti wanaweza kula gegedu kwa siku chache tu, na gegedu halioti upya kama kucha. Maji yakitolewa kwa sindano yapelekwe kuhesabiwa chembe, kupakwa rangi na kutazamwa kwa hadubini, kuoteshwa, na kuangaliwa fuwele za jongo. Kisonono nacho huweza kushuka kwenye goti, na nacho huanza na moto wa mkojo, kwa hiyo kipimwe kwa makusudi. Ukipata homa au kutetemeka, usingoje miadi, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Yakitoka safi, yaani chembe nyeupe ni nyingi lakini bakteria hakuna, ndipo tuhuma yangu inapata nguvu.

Kuhusu mkojo: ulioteshwa, na hakuna kilichoota. Hiyo haikusafishi na klamidia, bakteria anayeenezwa kwa zinaa. Klamidia huishi ndani ya chembe za mwili, haioti kwenye sahani ya kawaida ya maabara. Hutafutwa kwa kipimo cha vinasaba, kwa kutumia mkojo wa mwanzo unaotoka, si wa katikati kama mlivyozoeshwa, na baada ya kutokojoa kwa angalau saa moja. Kipimo hicho, kwa jinsi ulivyoeleza, hakijafanyika. Omba na cha virusi vya ukimwi, kwa sababu ugonjwa huu kwa aliyeambukizwa huweza kuja kwa ukali zaidi na baadhi ya dawa zake hubadilika. Na kama kuhara kuna mabaki yoyote, choo nacho kioteshwe, ingawa baada ya wiki sita mara nyingi hupati kitu.

Na sasa mke wako. Hapa itabidi nikusimulie historia kidogo, kwa sababu ndiyo inayomjibu.

Mwaka 1818 daktari mpasuaji wa London, Benjamin Brodie, alieleza wanaume watano waliopata usaha kwenye mrija wa mkojo, kisha macho, kisha viungo. Kwa sababu hiyo ugonjwa ukahesabiwa wa zinaa. Karibu miaka mia moja baadaye, mwaka 1916, vita vikiendelea, Hans Reiter wa jeshi la Ujerumani aliandika juu ya mwanajeshi mwenye dalili hizo hizo tatu. Mwaka huo huo, upande wa pili wa vita, Wafaransa Fiessinger na Leroy wakaandika juu ya askari wao. Na hawa hawakuanza na zinaa. Walianza na kuhara. Reiter hata sababu aliikosea, alidhani ni bakteria wa jamii ya kaswende. Jina lake likaupata ugonjwa hata hivyo, na likadumu vitabuni miongo mingi hadi madaktari walipoanza kuliacha, kwa kuwa Reiter alikuja kuwa mkuu wa afya chini ya utawala wa Nazi na akahusishwa na majaribio yaliyofanywa kwa wafungwa wa kambi ya Buchenwald. Ukikuta ukurasa unaoutaja ugonjwa kwa jina lake, basi umeandikwa zamani au na mtu aliyenakili ya zamani.

Ushahidi mzito ulikuja na Mfini aitwaye Paronen. Mwaka 1944 kuhara damu kulipiga askari wa Finland, na mwaka 1948 akachapisha habari za wagonjwa 344 waliopata dalili hizi baada ya mlipuko ule. Wengi wao walikuwa na mrija wa mkojo uliovimba, bila ugonjwa wowote wa zinaa wa kuuelezea. Kisha ikaja meli ya jeshi la majini la Marekani yenye mabaharia 1,276, ambayo habari zake zilichapishwa mwaka 1966: watu 602 walihara kwa shigela, bakteria wa kuhara damu, na kati yao tisa wakapata ugonjwa huu. Meli ile ni kama jaribio ambalo hakuna kamati ya maadili ingelikubali. Watu wa mahali pamoja, bakteria mmoja, wiki moja, na tunajua nani aliugua na nani hakuugua. Ni mmoja au wawili kati ya kila mia. Baadhi yao walipotafutwa zaidi ya miaka kumi baadaye walikuwa bado wanaumwa.

Kwa hiyo, mwambie mkeo hivi, au mpe asome mwenyewe: moto wa mkojo katika ugonjwa huu unaweza kuwa sehemu ya mwitikio, kama lilivyo goti, hata kama maambukizi yaliingia kwa mdomo kupitia chakula au maji. Siku nne za kuhara, kisha wiki mbili, kisha macho, inaingia sawasawa kwenye kalenda ya askari wa Paronen. Bakteria wa tumboni kama shigela, salmonela, kampilobakta na yersinia wote wanaweza kufanya hivyo.

Lakini sitakutetea zaidi ya ushahidi. Klamidia haijaondolewa, na lazima iondolewe au ithibitishwe. Ikipatikana, bado haisemi nani alifanya nini na lini. Mara nyingi haina dalili kwa mwanaume wala kwa mwanamke, na inaweza kukaa kimya miezi mingi, hata kupita mwaka. Mtu anaweza kuingia nayo kwenye ndoa bila kujua. Nimeona nyumba zikivunjika kwa karatasi ya maabara iliyosomwa kama barua ya mapenzi. Kipimo kile husema mdudu yupo au hayupo, basi.

Akipatikana, mtatibiwa nyote wawili kwa wakati mmoja: doksisaiklini miligramu 100 mara mbili kwa siku, siku 7, na kutokutana kimwili hadi matibabu yenu wote yakamilike. Kama mkeo ana ujauzito au anaweza kuwa nao, doksisaiklini haimfai, hupewa azithromaisini. Watu huipenda azithromaisini kwa kuwa ni dozi ya mara moja, ila kwa asiye mjamzito doksisaiklini ni bora kidogo. Jaribio lililochapishwa mwaka 2015, lililofanywa kwa vijana waliokuwa wakimezeshwa dawa mbele ya mhudumu, lilikuta watano wa azithromaisini hawakupona, na wa doksisaiklini hakuna hata mmoja aliyebaki na klamidia. Bila kusimamiwa, sijui wangapi wangemaliza siku saba. Maliza.

Sasa lile la miezi sita, ambalo nadhani ndilo lililokufanya uandike. Neno «utafiti umethibitisha» limebebeshwa mzigo mkubwa kuliko uwezo wake.

Utafiti huo upo. Ulichapishwa mwaka 2010 na ulikuwa na watu 42, waliougua kwa muda mrefu na ambao vinasaba vya klamidia vilipatikana kwenye damu yao au kwenye utando wa kiungo. Walipangwa kwa kura: baadhi wakapewa doksisaiklini na rifampisini, baadhi azithromaisini na rifampisini, waliobaki wakapewa vidonge vitupu, visivyo na dawa ndani, wote kwa miezi sita. Kati ya 27 waliopewa dawa, 17 walipata nafuu iliyokuwa imewekwa kama kipimo, yaani asilimia 63. Kwa vidonge vitupu ni 3 kati ya 15, asilimia 20. Sita walipona kabisa, wote upande wa dawa. Ni matokeo mazuri, na mimi siyabezi. Lakini angalia walioingia: wenye ugonjwa sugu, wenye klamidia iliyothibitishwa. Wewe una wiki chache, na klamidia yako hata haijatafutwa.

Sasa weka kando yake tafiti nyingine. Antibiotiki ya siprofloksasini kwa miezi mitatu, mwaka 1999, kwa wagonjwa 126 wa athraitisi ya mwitikio au ya viungo vichache isiyo na jina bayana, haikuonyesha tofauti kwa jumla. Azithromaisini ya kila wiki kwa miezi mitatu, mwaka 2004, wagonjwa 152 wakichambuliwa, nayo haikusaidia viungo. Kabla ya hapo, mwaka 1991, Wafini walikuwa wameona kwamba laimesaiklini, antibiotiki ya jamii ya doksisaiklini, ya miezi mitatu ilifupisha ugonjwa kwa wale walioupata kupitia klamidia, lakini si kwa walioupata kwa kuhara. Mwaka 2013 watafiti walipoyakusanya majaribio 12 pamoja, picha ilikuwa ya vurugu, faida haikujitokeza wazi, ila matumbo ya waliomeza antibiotiki yalisumbuka zaidi.

Kwa nini zikinzane? Nadhani jibu liko ndani ya kiungo chenyewe. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980 watafiti walianza kutafuta wadudu kwenye utando na maji ya magoti haya, ambayo siku zote yalihesabiwa safi kwa kuwa hayaoti kitu. Kwa wagonjwa wa kuhara walikuta vipande vya yersinia na salmonela, makapi ya ukuta wao, lakini si mdudu mzima. Kwa wagonjwa wa klamidia walikuta vinasaba vyake, na dalili kwamba bado anafanya kazi: yu hai lakini haongezeki, amejikunja ndani ya chembe kama mtu aliyejifungia ndani na kuzima taa. Antibiotiki nyingi huua mdudu anapojenga na kuzaliana. Huyu hajengi. Ndiyo sababu ya kuunganisha dawa mbili na kuzirefusha kwa klamidia, na ndiyo sababu kufanya hivyo kwa aliyeugua kwa kuhara ni kupiga risasi mahali adui alipolala jana. Tafiti zilizowachanganya wagonjwa wa aina zote mbili kwenye chungu kimoja zilipata wastani ambao hauwahusu hawa wala wale.

Kuna na ujanja mwingine wa ugonjwa huu ambao umewahadaa wengi, pamoja na madaktari: mara nyingi hupona wenyewe. Wengi hupata nafuu kubwa ndani ya miezi mitatu hadi kumi na miwili. Chochote utakachokunywa mwezi wa pili kitapata sifa mwezi wa tano, iwe kidonge cha maana au majani ya jirani. Tazama jaribio la salfasalazini, dawa ya kutuliza uvimbe wa viungo, la mwaka 1996, watu 134, wiki 36: waliopata nafuu kwa dawa walikuwa asilimia 62.3, kwa vidonge vitupu asilimia 47.7. Dawa ilishinda, lakini karibu nusu ya wasiomeza kitu walipata nafuu vilevile. Usiposikia habari za kundi la pili, kila dawa ni ya ajabu. Ukisoma tena habari ya «asilimia fulani walipona», tafuta kwanza wale wa vidonge vitupu walifanyaje. Kama hawakutajwa, funga ukurasa.

Rifampisini nayo si pipi. Hupunguza nguvu za vidonge vya uzazi wa mpango na za baadhi ya dawa za ukimwi na za kuyeyusha damu, inaweza kuumiza ini, na hugeuza mkojo na machozi rangi ya machungwa (lenzi laini za macho hupata madoa). Zaidi ya yote ni dawa ya kifua kikuu. Kuianza bila kuhakikisha mtu hana ugonjwa wa kifua kikuu ni kumfundisha mdudu huyo namna ya kuishinda.

Ambacho ningekifanya kwako, goti likishathibitika halina usaha, ni cha kawaida mno kiasi kwamba huenda ukavunjika moyo. Dawa ya maumivu na uvimbe ya jamii ya ibuprofeni, naproksini kwa mfano, kwa dozi kamili na kwa ratiba, si pale tu unapoumwa, kwa wiki mbili hivi ndipo tuamue kama inafanya kazi. Ule kwanza. Kama una vidonda vya tumbo, figo dhaifu au unatumia dawa ya kuyeyusha damu, useme kabla, njia inabadilika. Goti likiendelea kujaa, lichomwe steroidi ndani baada ya kutolewa maji. Kiungo kimoja kikubwa hupata raha ya wiki nyingi kwa sindano moja. Kisigino kisichomwe steroidi kwa wepesi, mshipa ule ukikatika utanikumbuka. Pumzisha goti kwa siku chache za mwanzo lakini usilifunge kama mzigo. Misuli ya paja huyeyuka haraka kuliko watu wanavyodhani, kwa hiyo ikaze na kuilegeza ukiwa umekaa, mara nyingi kwa siku.

Ikifika miezi mitatu bila nafuu, au viungo vikiongezeka, ndipo tunazungumza salfasalazini, pamoja na vipimo vya damu na ini vya kila mara. Zipo na dawa kali zaidi za kutuliza kinga, ila kwa ugonjwa huu ushahidi wake bado umejengwa juu ya makundi madogo, na kifua kikuu lazima kitafutwe kabla ya kuzigusa. Kati ya asilimia 15 na 30 ya wagonjwa huendelea na ugonjwa sugu. Kwa kuwa HLA-B27 yako ni chanya, ningekufuatilia kwa karibu kidogo kuliko wengine, hasa maumivu ya chini ya mgongo yanayokuamsha alfajiri na kupungua ukitembea.

Leo ni jicho. Kesho asubuhi goti, na mkojo wa mwanzo ukiwa hujakojoa. Nakili tarehe zako zote kwenye karatasi, kuanzia siku ya kwanza ya kuhara, umpe daktari wa viungo mmoja awe ndiye anayepokea majibu ya wote watatu. Mke wako aende nawe. Na swali la antibiotiki za miezi sita liweke pembeni mpaka mambo mawili yatokee: klamidia iwe imepatikana, na goti liwe bado limevimba ilhali mmekwisha kutibiwa ile ya siku saba. Yakitokea yote mawili, niandikie tena, tutalizungumza vizuri.